Kabla ya Kununua Jiko, Pima Waya na Mwiko

Mwalimu mwenzangu mmoja wa hapa Lubumbashi alijenga nyumba kwa muda wa miaka 9. Kila mshahara ulitoa sehemu yake: mara mifuko miwili ya sementi, mara mabati, mara milango. Mwishowe kilibaki chumba cha kupikia tu. Miaka hiyo yote mkewe alikuwa amevumilia kupika nje, chini ya mabati matatu yaliyoegemezwa ukutani, na mvua ya masika ikimnyeshea mgongoni. Kwa hiyo bwana akakusudia kumfurahisha kwa ghafula, asimwambie neno. Akaenda mjini, akaona dukani jiko zima lililopangwa nyuma ya kioo: makabati meupe, tanuri iliyopachikwa ukutani, bamba la kioo cheusi lenye meko manne, kivuta-moshi cha kung'aa, na frigo iliyofichwa nyuma ya mlango wa kabati hata mgeni asijue iko wapi. Akatoa akiba yote ya jamaa, na juu yake akakopa.

Siku ya kuhamia, Padri alikuja kubariki nyumba. Sisi wageni tuliingia katika chumba kile mmoja mmoja, kwa sauti ndogo, kama watu wanaoingia sakristia. Mama mwenye nyumba aliangalia, akashukuru, akaweka juu ya bamba sufuria yake nzito ya kusubu aliyopewa na mama yake siku ya ndoa. Bamba likalia mara tatu, likazimika. Akaweka nyingine, likalia tena. Katika nyumba ile haikupatikana hata sufuria moja iliyokubaliwa na bamba lile. Chakula cha sherehe kilipikwa nje, chini ya mabati matatu.

Tulicheka, na mwenye nyumba naye alicheka kidogo. Lakini lililofuata halikuwa la kuchekesha. Wiki ya tatu umeme ulikatika tangu asubuhi, na mchana mvua kubwa ilianza. Mabati yale matatu yalikuwa yamekwisha kubomolewa, kwani yaliharibu uzuri wa ukuta mpya. Mama akaingiza mbabula ndani, akaiweka sakafuni katikati ya makabati, akafunga dirisha kwa sababu ya upepo, akaenda kumnyonyesha mtoto. Binti yao wa miaka 11 alibaki akichunga maharagwe. Alipoitwa hakuitika. Walimkuta ameanguka karibu na frigo, hana nguvu hata ya kuinua kichwa. Walimtoa nje penye hewa, wakamkimbiza hospitalini. Akapona, Mungu ashukuriwe. Daktari aliwatajia jina la adui: monoksidi ya kaboni, hewa itokayo katika makaa yawakayo mahali penye hewa haba. Haina rangi wala harufu. Mtu huona kichwa kikimuuma, usingizi ukimlemea, na akilala hapo huenda asiamke.

Wasomaji wapenzi, kwa ajili ya binti yule nimeamua kuandika juu ya majiko, ingawa mimi si fundi wala mfanya biashara. Wengi wenu mwajenga. Mwaona katika picha vyumba vya kupikia vya kisasa, na mwatamani, wala si dhambi. Moshi wa kuni na makaa si urithi wa kulilia. Shirika la Afya Duniani lilikadiria ya kwamba mwaka 2020 moshi wa ndani ya nyumba uliua watu milioni 3.2 duniani, na kati yao watoto zaidi ya 237,000 waliokuwa chini ya umri wa miaka 5. Baba atakaye kumwondolea mkewe moshi machoni afanya jambo jema. Kosa la rafiki yangu lilikuwa kuanzia dukani. Yafaa kuanzia kwenye sufuria, kisha kwenye waya, na dukani kufika mwisho.

Jiko la makabati halikuanguka toka mbinguni. Mwaka 1926, mjini Frankfurt katika Ujerumani, mbunifu wa nyumba aitwaye Margarete Schütte-Lihotzky alichora chumba kidogo cha kupikia kwa ajili ya nyumba mpya za mji ule, chenye upana wa metro 1.9 hivi na urefu wa metro 3.4. Alitazama wapishi wa treni wanavyopika chakula cha watu wengi katika nafasi nyembamba, akahesabu hatua za mpishi, akapanga kila kitu mahali pake, vyote vimeshikamana na ukuta. Vyumba kama 10,000 vya namna ile vilijengwa. Ilikuwa kazi ya akili nyingi, na makabati tuyaonayo leo ni wajukuu wake. Lakini chumba kile kilikatwa kwa kipimo cha mwanamke mmoja apikaye peke yake kwa ajili ya jamaa ndogo. Tena mchoraji mwenyewe alikiri baadaye ya kwamba kabla ya kukichora hakuwa na mazoea ya kupika. Kwetu mama hapiki peke yake. Yuko pamoja na binti wawili, na shangazi aliyekuja kutoka kijijini, na jirani aketiye mlangoni akichambua mchele. Nani amepima nafasi yao?

Basi tuanze na chakula. Bukari ni mwalimu mkali wa majiko. Maji yakichemka, unga waingia, na hapo mama hushika mwiko kwa mikono miwili na kusonga kwa nguvu ya mabega, naye akiwa juu ya sufuria, si chini yake. Sasa chukua meza ya dukani: kimo chake kwa kawaida ni sentimetro 90. Weka juu yake sufuria yenye kimo cha sentimetro 25. Ukingo wa sufuria wafika sentimetro 115 kutoka sakafuni, yaani juu ya kiwiko cha akina mama walio wengi. Kusonga bukari wa watu 10 mikono ikiwa imeinuliwa hivyo ni adhabu. Tena juu ya kioo laini sufuria yazunguka kama mchezo wa watoto, na mama akiinyanyua na kuitua kwa kishindo, kioo chaweza kupasuka. Kioo kilichopasuka hakishonwi. Bamba likipata ufa lizimwe mara moja, kwani maji yakipenya yaweza kuufikisha umeme mkononi mwa mpishi.

Kwa hiyo mwambie mwashi ashushe sehemu moja ya meza, ile ya kusongea bukari, hata sentimetro 65 au 70. Asipime kwa kitabu, apime kwa mwenye kupika: mama asimame, akunje kiwiko, ashike mwiko ndani ya sufuria ile ile atakayoitumia. Jambo hili halina gharama likifanywa kabla ya ujenzi.

Sombe nayo ina haki zake. Majani ya muhogo yaliyotwangwa lazima yachemke kwa muda mrefu, kwani kutwanga na kuchemsha ndiko kunakoiondoa sumu yake. Maharagwe vilevile hukaa motoni saa mbili au tatu. Huwezi kuyafupisha mapishi hayo kwa sababu jiko limekuwa jipya. Yatakayokula umeme wa nyumba yako ni vyakula hivi vya kila siku, wala si keki ya Noeli iliyopigwa picha katika kitabu cha muuza majiko. Kwa maharagwe kuna chombo kisichopendeza macho wala kisichopachikwa ukutani, nacho chafaa kuliko vingi: sufuria ya umeme yenye kifuniko cha kukaza, ipikayo kwa nguvu ya mvuke. Hutumia wati 1,000 hivi, na maharagwe yaliyolowekwa usiku huiva humo kabla ya saa moja kupita. Mimi ningenunua hiyo kwanza, na kabati baadaye.

Turudi kwa lile bamba lililokataa sufuria. Mabamba ya kioo yako ya namna mbili, nayo hufanana hata wauzaji wengine huyachanganya. Namna ya kwanza ina waya za moto chini ya kioo. Waya zaiva, zawa nyekundu, na joto lapita katika kioo mpaka chini ya chungu. Hilo hupokea sufuria yoyote yenye tako bapa. Namna ya pili yaitwa induksio. Hiyo haipashi kioo. Yatumia nguvu ya sumaku kuamsha joto katika chuma cha sufuria yenyewe. Hupika upesi na haipotezi joto jingi, lakini yataka sufuria inayovutwa na sumaku. Sufuria zetu za aluminiamu, hasa zile zinazosubiwa na mafundi wa mtaani kutokana na vyuma chakavu, hazivutwi. Jaribio lake hata mtoto wa darasa la tatu aliweza: chukua sumaku ndogo, iweke chini ya sufuria. Ikishika, yafaa, ikianguka, ujue ya kwamba pamoja na bamba utanunua sufuria zote upya. Kumbuka pia ya kwamba sufuria zenye tako la mviringo haziwezi kutulia juu ya kioo cha namna yoyote. Kwa kusonga bukari nasifu zaidi yale mabamba ya chuma mazito ya zamani, meusi, yasiyo na urembo. Hayavunjiki, na waya wake wa moto ukiungua, fundi wa mtaa aweza kuubadilisha.

Sasa wanafunzi wachukue kalamu, kwani tunaingia katika hesabu. Nguvu ya chombo huhesabiwa kwa wati. Gawanya wati kwa volti, upate ampea, yaani wingi wa umeme upitao katika waya. Kwetu umeme ni wa volti 220. Bamba la induksio lenye meko manne, yote yakiwaka, laweza kutaka wati 7,000: gawanya kwa 220, upate ampea 32 karibu kamili. Ongeza tanuri ya wati 3,000, pasi ya wati 1,200, pipa la kupasha maji la wati 1,500, na frigo ya wati 150. Jumla ni wati 12,850, yaani ampea 58. Kisha nenda ukaangalie mahali umeme unapoingia nyumbani mwako. Kama kikata-umeme kimeandikwa 20, nyumba yako yote yaruhusiwa wati 4,400 tu. Bamba peke yake limezidi.

Wengine hapo humwita kijana, naye huondoa kikata-umeme kidogo na kuweka kikubwa, na taa zawaka tena, na watu wampa asante. Huo ni ujinga wa kuua watu. Kikata-umeme ni mlinzi wa waya. Waya nyembamba ikibeba mzigo ipitayo nguvu yake hupata joto ndani ya ukuta, ganda lake layeyuka, na moto huanzia darini usiku watu wamelala. Kwa bamba la ampea 32 hutumika waya ya shaba yenye unene wa milimetro 6 za mraba, peke yake toka kwenye kikata-umeme chake, isiyogawanywa na kitu kingine. Kwa soketi za kawaida ni milimetro 2.5 za mraba. Tanuri nayo ipewe njia yake. Zaidi ya hayo yote kuwe na waya wa ardhi, ule wa rangi ya kijani na manjano, uliofungwa kweli kwenye chuma kilichozikwa udongoni, na kikata-umeme cha namna ile ishtukayo kwa milliampea 30, ambacho hukata umeme mara mwili wa mtu unapoupitisha ardhini. Jikoni mna maji, chuma na miguu mitupu. Nimeona nyumba nyingi nzuri ambamo waya wa ardhi umeishia ndani ya soketi, haukufika popote.

Rafiki yangu alikuwa ametumia fedha zake zote kwa vile vionekanavyo. Kwa waya hakubakiza kitu. Injili ya Luka yamtaja mtu atakaye kujenga mnara asipige hesabu kwanza, akachekwa na wapitaji. Sidhani ya kwamba wapitaji wale waliona waya zake.

Na umeme wenyewe je? Katanga hatukukosa maporomoko. Kituo cha Mwadingusha juu ya mto Lufira chafanya kazi tangu mwaka 1930. Cha Nzilo juu ya Lualaba kilifuata mwaka 1952, na cha Nseke mwaka 1956. Lakini vilijengwa kwanza kwa ajili ya migodi ya shaba, na migodi bado ina kiu kubwa, na mji umekua kupita kiasi. Kwa hiyo umeme hukatika, na pale unapobaki mara nyingi huwa umechoka. Volti zikishuka toka 220 mpaka 180, jiko la waya wa moto lililoandikwa wati 2,000 halitoi tena ila wati 1,340 hivi. Mama ataka kujua kwa nini maji hayachemki, na hakuna aliyemloga. Bamba la induksio katika hali hiyo laweza kukataa kabisa kuwaka. Frigo ndiyo inayoumia zaidi: mota yake yajikaza, yashindwa kuzunguka, yaungua.

Kwa hiyo kwa frigo nunua pia kisanduku cha kusawazisha umeme, na kiwe cha namna ingojayo dakika tatu hata tano kabla ya kuirudishia frigo umeme uliokatika. Chagua iliyoandikwa herufi T katika karatasi ya darasa la hewa: hiyo imetengenezwa kwa nchi za joto, kutoka nyuzi 16 hata 43. Iliyoandikwa N imefanywa kwa nyuzi 16 mpaka 32, na mwezi wa kumi hapa Lubumbashi, karibu na majiko yanayowaka, itahema kama mtu aliyepanda mlima. Kuificha frigo katika kabati sioni faida yake kwetu. Frigo hutoa joto nyuma yake, na ikifungiwa bila tundu la hewa chini na jingine juu, joto lile hurudi ndani na mota haipumziki. Iache isimame peke yake, vidole kadhaa mbali na ukuta. Tena mtu mwenye fedha ya frigo moja tu afikiri vizuri kama asichukue sanduku la kugandisha lifunguliwalo kwa juu. Likijaa na lisipofunguliwa, huhifadhi baridi siku mbili hivi bila umeme. Frigo ya kawaida huhifadhi saa nne tu.

Juu ya gesi nitasema machache. Ni moto mzuri kwa bukari: wawaka mara moja, wazimika mara moja, haujali umeme. Lakini hakikisha kwanza ya kwamba chupa zajazwa karibu nawe mwaka mzima, si mwezi mmoja. Gesi ya chupa ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hujikusanya sakafuni, kwa hiyo tundu la hewa litobolewe chini ya ukuta, wala si juu tu, na chupa ikae nje. Jiko lililotoka Ulaya huenda lilifungwa vitundu vya gesi ya bombani. Ukilitia gesi ya chupa bila kuvibadilisha, ndimi za moto zitaruka mpaka usoni. Harufu ikisikika, usiguse swichi yoyote. Fungua mlango, funga chupa, toa watoto.

Tanuri ya kupachika hupimwa hivi: nafasi yake ndani ya ukuta au kabati iwe na upana wa sentimetro 56, kimo cha 60 hivi, na kina cha 55 kwa uchache, pamoja na njia ya hewa nyuma. Hata hivyo usimwamini mtu yeyote, nami nikiwamo: pata karatasi ya chombo chenyewe kabla mwashi hajapanga tofali la kwanza. Nasema tofali kwa makusudi. Makabati ya mbao za unga ulioshindiliwa hufura maji yanapoingia, na pembe zake hubanduka baada ya masika mawili. Meza ya matofali iliyopigwa sementi na kufunikwa vigae haifuri, haiungui, na fundi wake twamjua kwa jina. Kwa mashine ya kuosha vyombo sina la kusema: mahali maji ya bomba yanapokuja usiku wa manane tu, itangoja kama sisi.

Sasa ndipo uende dukani, na uende pamoja na mkeo, na sumaku mfukoni. Vyombo vyetu vyatoka pande nyingi. Vile vilivyopita Kasumbalesa kutoka Zambia mara nyingi vina plagi ya meno matatu ya bapa, isiyoingia katika soketi zetu za matundu ya mviringo. Fundi aibadilishe vizuri, pamoja na waya wake wa ardhi, asikate waya na kuziingiza tupu kwa vijiti vya kiberiti. Ndugu aliye Marekani akikuletea zawadi, soma kibati kilicho nyuma: kikisema volti 120, chombo kitaungua siku ya kwanza. Kwa vyombo vya mitumba, omba viwashwe mbele yako na vikae vinawaka nusu saa, maana dakika moja haionyeshi kitu. Uliza pia nani mjini anauza waya wake wa moto na kidhibiti-joto chake. Muuzaji akijibu ya kwamba chombo hakiharibiki kamwe, muage kwa heshima.

Limebaki jambo la mbabula, ambalo wachoraji wa nyumba za kisasa huona haya kulitaja. Maadamu umeme wakatika, makaa yatawaka nyumbani mwako, upende usipende. Swali ni mahali gani. Kivuta-moshi cha kupachika hakiwezi kukuokoa: umeme ukikatika nacho chalala; tena vingi vya bei nafuu havitoi hewa nje, hupitisha moshi katika kichujio na kuurudisha chumbani. Harufu yapungua, lakini ile hewa ya kuua hubaki. Tenga basi mahali pa mbabula nje, penye paa zuri, ukuta upande wa upepo na pande mbili wazi, karibu na mlango ili mama asilowe. Pajengwe siku ile ile ya chumba cha ndani, kwa fungu lile lile la fedha. Na mbabula isiingizwe ndani kupasha chumba usiku wa baridi ya mwezi wa sita, hata kama makaa yaonekana kufifia.

Rafiki yangu na mkewe waliketi mezani jioni moja baada ya binti yao kurudi toka hospitalini. Nilikuwapo.

“Mama,” akasema bwana, “nilitaka kukufurahisha.”

“Najua, Baba watoto,” akajibu. “Lakini hukuniuliza napika nini.”

Tangu siku ile walitafuta masikilizano, na jambo halikwenda upesi. Bamba la kioo waliliuza kwa hasara kubwa, na kwa fedha ile wakalipa fundi wa umeme aliyevuta waya mpya na kuzika chuma cha ardhi. Wakanunua jiko la chuma lenye meko mawili, wati 3,500, yaani ampea 16. Mwashi akabomoa sehemu ya meza na kuijenga tena kwa kimo cha sentimetro 68, mama akisimama pale na mwiko mkononi. Frigo ilitolewa kabatini, na kabati likawa la unga. Nje, mahali pa mabati matatu, pana paa jipya juu ya nguzo nne, na benchi la shangazi. Deni la dukani bado analilipa kila mwezi.

Tanuri hawakuiuza. Binti yule amejifunza kuoka mikate humo siku ya Jumamosi, umeme ukiwapo. Usipokuwapo, unga hungoja chini ya kitambaa, naye huenda kucheza.